Soko huria, uliberali wa kijamii au ujamaa? Ulinganisho kwa mpiga kura wa Dar

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina wanachama 42, wote wa mitaa miwili ya Manzese, na mimi ndiye mweka hazina. Mwezi uliopita, kikao kilipokwisha na watu wakabaki kunywa chai, mtoto wa kaka yangu alinivuta pembeni. Anaendesha bodaboda, ana miaka 24, hajawahi kupiga kura. "Shangazi," akasema, "hawa wote wanaahidi bima, wote wanaahidi elimu bure, wote wanaahidi mikopo kwa vijana. Sasa mtu anachagua nini hapo? Rangi ya fulana?"

Sikumjibu siku ile. Nilirudi nyumbani na swali lake na limenikalia mwezi mzima. Haya ninayoandika ni kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyewahi kusoma ilani mbili akaona zinafanana kama sare za shule.

Kufanana huko kuna sababu. Ahadi zote alizozitaja kijana wangu zinatoka kwenye fikra moja ya kisiasa, uliberali wa kijamii, ingawa hakuna chama kinachoiandika kwenye bendera. Ili mtu ajue kama anaitaka au haitaki, lazima aiweke karibu na zile mbili ilizogombana nazo: soko huria na ujamaa.

Majina kwanza

Ukitaja uliberali kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni, watu wanadhani unazungumzia mavazi, ndoa na watoto wasiosalimia wakubwa. Hilo ni jambo jingine kabisa. Wapo wanaoyachanganya kwa makusudi, kwa sababu ukishamwita mwenzako mvunja maadili huna haja tena ya kumjibu kuhusu bajeti. Mimi hapa nazungumzia dola, mali na haki: serikali inamdai nini raia, na raia anaidai nini serikali.

Njia ya soko huria inasema uhuru ni kuachwa. Serikali ilinde mipaka, mali na mikataba. Mengine kila mtu ajinunulie. Mgonjwa ni mteja, mwanafunzi ni mteja. Nguvu ya njia hii ni kwamba haimwamini mkubwa yeyote na mali za watu, na sisi tuliowahi kuona mali ya umma ikiliwa tunaelewa kwa nini. Ubaya wake anaujua kila aliyesimama kwenye dirisha la malipo hospitalini akiwa na nusu ya pesa.

Uliberali wa kijamii ulizaliwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, kisha ukaigombeza. Mwaka 1881 mwanafalsafa wa Oxford, T. H. Green, alitetea sheria za serikali kuingilia mikataba ya kazi, akisema uhuru wenye maana ni ule unaompa mtu uwezo wa kufanya jambo. Asiye na chakula cha kesho anasaini mkataba wowote. Basi njia hii inawaachia watu mali zao, inaliacha soko, inataka kura, magazeti na mahakama huru, halafu inatoza kodi ili kuweka kiwango ambacho hakuna mtu atashuka chini yake: matibabu, shule, pensheni, ulinzi kazini.

Ujamaa wa Azimio la Arusha, Februari 1967, ulitokea upande mwingine. Maadamu viwanda na mabenki viko mikononi mwa wachache, ulisema, huduma mnazogawiwa ni makombo. Njia kuu za uchumi ziwe za umma, na kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha.

Mji uliopita kote kutatu

Watu wa rika langu tumeishi chini ya zote tatu bila kuhama Dar. Mabenki yalitaifishwa siku moja tu baada ya Azimio. Mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku. Kufikia 1983 tulikuwa tunapanga foleni ya sukari na sabuni, na mwaka huo huo operesheni ya Nguvu Kazi ikawa inawakamata jijini watu wasio na kitambulisho cha kazi na kuwapeleka vijijini. Muuza karanga alihesabiwa mzururaji. Mwaka 1986 serikali ikatia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa, milango ya biashara ikafunguliwa, na miaka michache baadaye tukazoea maneno mapya, "kuchangia gharama", hospitalini na shuleni. Vyama vingi vikaja 1992. Kisha gurudumu likageuka tena: ada ya shule ya msingi ikafutwa 2001, ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa kuanzia Januari 2016, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Ukiuangalia mfuatano huo utaona kwamba kwa zaidi ya miaka 20 tumekuwa tukielekea kwenye uliberali wa kijamii bila mtu kutuambia. Ibara ya 3 ya Katiba bado inaiita nchi yetu ya kijamaa, maduka ya Kariakoo yanajua ni soko, na ilani zinaongea lugha ya tatu. Lawama yangu inaanzia hapo. Jambo kubwa kiasi hiki liliingia kama mradi, na warsha zake, na fomu zake, na tathmini zake. Halikuingia kama hoja ambayo watu waliipigania na kuipigia kura. Na kasoro zake nyingi ninazoziona mtaani zinatokana na mlango huo lilioingilia.

Mabibi wawili

Tuchukue mabibi wawili wenye miaka 72. Mmoja yuko Mbagala, mwingine Unguja, na kati yao kuna safari ya boti ya saa mbili hivi.

Wa Unguja analindwa na pensheni jamii. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inamlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha kidogo, lakini zilitoka kwenye bajeti ya Zanzibar yenyewe. Bibi haulizwi kama ana mtoto Muscat, wala paa lake ni la bati au makuti. Anaulizwa umri.

Wa Mbagala hana kitu cha namna hiyo. Kama hakuwahi kuajiriwa, mfuko wa pensheni haumjui. Njia iliyobaki ni TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa mtaa, kisha hupimwa kwa dodoso: mna vyumba vingapi, mnapikia nini, mna redio? Wenye watoto wanawekewa masharti ya kliniki na mahudhurio ya shule. Malipo ni kila baada ya miezi miwili, na sehemu kubwa ya fedha ni mkopo wa Benki ya Dunia. Ninajua kaya ambazo fedha hizo zilizinunulia kuku, zikazinunulia daftari, zikazisimamisha. Siupuuzi mpango huo hata kidogo.

Lakini tazama mpango huo unachokifanya mtaani. Bibi wa Unguja akicheleweshewa fedha anajua wa kumlaumu, na aliye madarakani anajua kwamba wazee wote wa kisiwa wanamtazama kwa pamoja. Bibi wa Mbagala akikosa, anamlaumu jirani aliyepata. Nimesikia kwa masikio yangu wanawake waliokua pamoja wakisutana kwa sababu mmoja yumo kwenye orodha na mwenzake hayumo, na tofauti ya umaskini wao huwezi kuipima hata kwa mizani ya dhahabu. Wa kupigiwa kura ya kuondoka haonekani. Ni dodoso? Ni kompyuta? Ni benki ya Washington?

Waingereza wenyewe walianza vibaya. Sheria yao ya pensheni ya 1908, iliyoanza kulipa tarehe 1 Januari 1909, ilitoa hadi shilingi 5 kwa wiki kwa mtu wa miaka 70, ila ilimchungulia kwanza kipato na tabia; aliyeonekana mvivu alinyimwa. Kilichotokea baadaye ndicho ambacho sisi hatukukiazima. Fedha zilihitajika, na mwaka 1909 waziri wa fedha, David Lloyd George, akaleta bajeti ya kuwatoza matajiri na wenye ardhi. Mabwana wa baraza la juu la Bunge, ambao hawakuchaguliwa, wakaikataa. Serikali ikarudi kwa wapiga kura mara mbili ndani ya mwaka 1910, na mwaka 1911 mabwana wale wakapokonywa kwa sheria uwezo wa kuzuia bajeti. Pensheni ya mzee wa kijijini ikawa imebadilisha nani ana nguvu Uingereza.

Kwa hiyo ukilinganisha, usilinganishe soko na uliberali wa kijamii peke yake. Huo uliberali wa kijamii nao una sura mbili: moja inayomhesabu mzee kama raia na kumlipa kwa kodi iliyobishaniwa hadharani, na nyingine inayomhesabu kama kaya maskini na kumlipa kwa mkopo wenye masharti. Mgombea akisema "tutawasaidia wazee wasiojiweza", muulize ni sura ipi.

Nne, tatu, mbili

Sheria ya bima ya Uingereza ya 1911 ilikuwa na hesabu rahisi: kila wiki mfanyakazi atoe peni 4, mwajiri peni 3, serikali peni 2. Lloyd George aliinadi kwamba mtu anapata peni 9 kwa kutoa 4. Mifuko yetu imerithi umbo hilo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inataka asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hatakiwi kukatwa zaidi ya asilimia 10; iliyobaki ni ya mwajiri.

Sasa mlete mpwa wangu mbele ya hesabu hiyo. Mwajiri wake ni nani? Kila jioni anampelekea mwenye pikipiki hesabu, na siku asipofikisha anadaiwa yeye. Mwenye pikipiki atakuambia huyo si mfanyakazi wangu, ni mshirika. Wenzake wako kwenye pikipiki za mkataba, wanalipa mpaka chombo kiwe chao, na wakivunjika mguu kabla ya hapo chombo kinachukuliwa. Mama lishe, machinga, fundi wa gereji bubu, dada wa kazi za ndani anayelala jikoni: kwa wote hao ile peni 3 haina wa kuitoa, na hakuna mshahara wa kukata zile 4. Marekani nayo, ilipoanzisha hifadhi yake ya jamii mwaka 1935, iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, na wengi wa Wamarekani weusi walikuwa humo. Mpango uliojengwa juu ya karatasi ya mshahara humwacha nje yule anayeuhitaji kuliko wote, na Dar wasio na karatasi hiyo ndio umati.

Ukimwambia mtu asiye na mwajiri ajiunge kwa hiari, anajiunga akishaugua. Tuliyaona kwa Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzazi alimkatia mtoto wake bima. Wazazi wengi waliwaandikisha wale watoto wagonjwa kwanza, kama mzazi yeyote angefanya, mfuko ukalemewa, na mwaka 2023 utaratibu wa kumwandikisha mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watu wakaelekezwa shuleni. Hesabu ya mfuko naielewa, kwa kuwa mimi mwenyewe naweka hesabu. Kilichoniuma ni kwamba maelfu ya wazazi walilijua jambo hili kama tangazo, baada ya kuamuliwa.

Ndiyo maana sheria ya 2023 inataka kila mtu awemo. Soko huria litaita huko kulazimishwa. Hapo nawakatalia, maana bima ya hiari kwa watu wenye kipato cha siku kwa siku ni vigumu sana kusimama. Ujamaa ungesema futa bima, matibabu yawe bure kwa kodi. Hilo linanivutia, na ndilo Uingereza ililofanya tarehe 5 Julai 1948, chini ya chama cha wafanyakazi. Ila wazee wetu wanakumbuka zahanati za bure zenye kabati tupu. Swali la kumbana mgombea ni moja: asiye na mwajiri, ile sehemu ya mwajiri wake atailipa nani, na kutoka kodi ipi? Asipotaja kodi, hajajibu.

Kwenye elimu sina mengi. Kufuta ada ni jambo jema kuliko yote yaliyofanywa na njia hii hapa kwetu, na aliyesoma kwa sababu hiyo hahitaji maelezo. Mkopo wa chuo, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara ukishaajiriwa, ni tofauti: unamkopesha mtoto fursa, na asipopata kazi deni linabaki lake peke yake. Na wenye uwezo Dar wameshawahamishia watoto wao shule za kulipia, kwa hiyo msongamano wa madarasa ya umma hauwaumi wale wenye sauti.

Haki ya kusoma tu

Ibara ya 11 ya Katiba yetu inasema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kupata elimu, na kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Kisha rudi nyuma mpaka ibara ya 7, kifungu kidogo cha pili. Kinasema mambo yaliyomo katika sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama yoyote. Haki zilizoingizwa mwaka 1984, za kuishi, kusema, kukutana na kumiliki mali, hizo unaweza kwenda nazo Mahakama Kuu. Hizi za mgonjwa na mzee ni za kusoma.

Mwenye nyumba tatu Masaki akinyang'anywa moja ana pa kwenda. Bibi wa Mbagala akikosa msaada hana. Huo ni uliberali wa kale, ule wa soko huria, ukiwa umevaa kanzu ya ujamaa, na ni jambo la ajabu kwamba ilani chache sana huligusa.

Majirani walifanya vingine. Kenya iliziweka haki za afya, makazi, chakula na hifadhi ya jamii kwenye ibara ya 43 ya Katiba ya 2010. Afrika Kusini iliziweka mwaka 1996, na kesi zake mbili zinafundisha kuliko kitabu. Mwaka 2000 Irene Grootboom na wenzake waliofukuzwa kwenye vibanda vyao walishinda katika Mahakama ya Katiba: serikali ilitakiwa kuwa na mpango wa maana kwa watu walio kwenye shida kali ya makazi. Mama huyo alifariki mwaka 2008, bado anaishi kwenye kibanda. Mwaka 2002 mahakama ile ile iliagiza dawa ya nevirapini, ya kumkinga mtoto asiambukizwe na mama, itolewe kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI katika hospitali za umma, na kesi hiyo ililetwa na Treatment Action Campaign, watu walioandamana, waliofundishana mitaani, waliobaki barabarani hukumu ilipotoka. Dawa zikatolewa. Ukitaka kujua mipaka ya uliberali wa kijamii, ziweke kesi hizo mbili pamoja: haki ilikuwa kwenye katiba ile ile, mahakama ile ile, na kilichotofautisha ni watu waliojipanga nyuma ya hukumu.

Daftari langu

Nafika kwenye jambo linalonigusa kuliko yote.

Kabla ya 1911 wafanyakazi wa Uingereza walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, mamilioni ya wanachama. Walikutana kila mwezi, walichagua katibu na mweka hazina, walimlipa mgonjwa, walimzika maiti. Ni sisi kabisa, kwa lugha nyingine. Sheria ya 1911 ilivitumia vyama hivyo kama mawakala wake, lakini ikayaruhusu na makampuni makubwa ya bima kuingia, na ilipofika 1948 serikali ikavitoa vyama vyote nje ya mpango. Watu walipata bima iliyo bora zaidi, na walipoteza kikao. Aliyekuwa mwanachama akawa mnufaika. Mwanachama hupiga kura ya kumtoa mweka hazina. Mnufaika hungoja ujumbe.

Ujamaa wetu, ambao ungepaswa kuwa kinyume cha hayo, ulifanya vivyo hivyo na kuzidi. Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilifutwa ikabaki NUTA, chama kimoja chini ya dola. Mwaka 1969 chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichokuwa na vijiji vya ujamaa vilivyoanzishwa na wanakijiji wenyewe, kilivunjwa na TANU, chama tawala cha wakati ule. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Neno lilikuwa la kujitegemea na amri ilitoka juu. Hapo ndipo mahasimu hawa wawili, uliberali wa kijamii na ujamaa wa dola, wanapofanana: wote wanamjali mnyonge, na wote wanaona vibaya mnyonge akiwa na daftari lake mwenyewe. Soko huria linamwachia daftari, kisha linamwacha nalo peke yake.

Na historia ndefu zaidi inaonyesha jambo hilo hilo. Ujerumani ya Bismarck, ambaye hakuwa mliberali na alitaka kuwapokonya wajamaa wafuasi wao, ilianza bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali 1884, na pensheni ya uzee 1889. Mwaka 1891 Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni lao. Mfanyakazi wa Berlin alipewa kadi ya bima. Mkulima wa Kilwa, kabla muongo ule haujaisha, alipewa kodi ya nyumba, na 1905 nchi ikawaka kwa vita ya Maji Maji. Serikali ya Kiliberali iliyowalipa pensheni wazee wa Uingereza ndiyo iliyomhamisha Mmaasai kwenye malisho yake Kenya mwaka 1911. Wema unaogawiwa na asiyewajibika kwako una mpaka, na mpaka huo anauchora yeye.

Lakini siwezi kuwadanganya kwamba kikundi kinatosha. Mwaka juzi usiku mmoja mwanachama wetu alimfikisha mtoto hospitali, kadi yake ya bima ikawa haisomi, wakamtaka pesa taslimu. Kwa simu tatu tulipata 80,000 kabla ya alfajiri. Hiyo ndiyo sifa yetu. Mwaka huo huo mjane mmoja alishindwa michango ya miezi mitatu mfululizo, na kwa kanuni zetu nikamfuta kwenye daftari kwa mkono wangu. Alikuwa ameacha kuuza maandazi kwa sababu alikuwa anaumwa. Yaani tulimtoa pale pale alipotuhitaji, kwa sababu mfuko wa watu 42 maskini hauwezi kubeba maskini zaidi. Hata vile vyama vya Uingereza viliwaacha nje masikini kabisa na wanawake wengi. Kwa hiyo anayekuja kutuambia vikoba, upatu na vikundi vitatosha, serikali ikae pembeni, namwonyesha jina lile lililokatwa kwa kalamu nyekundu.

Basi uchague nini

Kijana wangu, ukinibana nitakwambia hivi. Kati ya hizo tatu, naichukua ahadi ya uliberali wa kijamii: kiwango ambacho hakuna mtu atashuka chini yake, kwa kodi, kwa kila mtu, bila dodoso la paa. Siuchukui mwenendo wake wa kututendea kama wagonjwa wa kusubiri benchi. Na kutoka kwenye ujamaa naichukua hoja moja ambayo wengine wameitupa, ile ya kuuliza mali kubwa ya nchi iko mikononi mwa nani, kwa sababu bila hiyo kodi hukusanywa kutoka kwa wepesi kukamatwa. Julai 2021 tozo ya miamala iliwekwa kwenye simu zetu, na mama anayemtumia mama yake 20,000 Singida akawa mlipa kodi wa kwanza kukumbukwa.

Wengine watachagua tofauti na nitawaelewa. Mwenye duka Kariakoo aliyechoshwa na makadirio ya kodi atavutwa na soko huria, na ana sababu. Ila ajiulize mfanyakazi wake wa dukani akiugua miezi sita itakuwaje. Mwajiriwa wa serikali mwenye bima tayari ataona mambo yanakwenda vizuri. Huyo naomba amuulize dada anayemlelea watoto kama naye ana kadi.

Ukikutana na mgombea, mwache amalize kusema bima kwa wote. Kisha umuulize kama yuko tayari kukiondoa kifungu cha pili cha ibara ya 7, ili bibi wa Mbagala aweze kuingia mahakamani. Umuulize pensheni ya Zanzibar inashindikanaje bara. Umuulize kwenye bodi ya mfuko wa bima atakaa nani aliyechaguliwa na watu wa bodaboda, na aliyechaguliwa na mama lishe, na si kuteuliwa. Atakayekasirika kwa swali la mwisho, kumbuka jina lake.

Yule mjane nimempelekea ujumbe. Jumapili, saa 10 jioni, naleta hoja kwamba mgonjwa asifutwe, na sijui hesabu zitakaaje; tutabishana. Njoo na hizo ilani zako mbili. Mimi nitakuja na Katiba, kurasa nimeshazikunja.